Sura ya Sita: Mapenzi ya Majani

Mtu apitaye Runzewe ndani ya basi litokalo Kahama kwenda Nyakanazi na mpaka wa Rusumo aghalabu huujua mji kwa uso wake wa barabarani tu: malori ya shehena za Rwanda na Burundi yaliyojipanga kando ya lami, mama lishe na masufuria yao, maduka ya vipuri, asali ya miombo ya Bukombe iliyotiwa katika chupa na kupangwa juu ya meza, na vumbi ambalo wakati wa kiangazi halibagui bati wala jani. Yamkini asisadiki akiambiwa kwamba nyuma ya maduka hayo, katika nyua zilizozungushiwa minyaa au matofali ya kuchoma, wamo watu ambao kila alfajiri, kabla ya kwenda sokoni, shuleni au kwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, huzunguka na kopo la maji mkononi wakitazama ni jani gani lililofunguka usiku. Sura hii yawahusu watu hao, nami ni mmoja wao. Na jambo nitakalo kulieleza ni namna mtunza bustani wa nyumbani awezavyo kuchagua mimea aipendayo kwa ajili ya majani yake, akaishi nayo kwa furaha, bila kungoja ua.

Wengi wetu tulizoeshwa kuipima bustani kwa maua. Waridi na asumini zina heshima yake, wala sina nia ya kuzipunguzia hata chembe. Lakini ua lina siku zake, ilhali jani lipo asubuhi na jioni, lina umbo, lina rangi, lina uzito na wepesi, lina namna yake ya kulipokea tone la mvua na namna yake ya kulimwaga, na mtu arudiye nyumbani amechoka hulikuta pale pale alipoliacha. Fauka ya hayo, nyumba nyingi za huku zina mwembe au mparachichi uani, na chini ya kivuli chake mimea ya maua huota kwa unyonge, hurefusha shingo ikilitafuta jua, kisha hukataa kuchanua. Mwenye uwanja wa namna hiyo akishikilia maua atajisumbua bure. Akigeukia majani, kivuli kile kile alichokuwa akikilaumu kitamgeukia neema.

Katika nchi za baridi, watu wenye vivuli wamekwisha kulitatua jambo hili kwa mmea uitwao hosta. Asili yake ni Japani, Uchina na Korea, na jina lake ni taadhima aliyopewa mwaka 1812 tabibu na mtaalamu wa mimea wa Austria, Nicolaus Thomas Host. Philipp Franz von Siebold, daktari aliyewatumikia Waholanzi huko Nagasaki, aliporudi Ulaya mwaka 1830 alichukua mimea mingi ya Kijapani, hosta zikiwamo; na tangu hapo bustani za Uingereza, Ujerumani na Marekani zimezipenda kwa mapenzi yasiyopungua. Hosta hutoa maua ya zambarau hafifu au meupe, lakini si maua yaipayo sifa. Sifa yake ni majani: iitwayo 'Sum and Substance' ina jani la kijani lenye umanjano, pana hata laweza kufunika sinia, 'Halcyon' ina rangi ya samawati itokanayo na nta nyembamba iliyotandwa juu ya jani, nta ambayo jua kali na mvua nyingi huifuta, na 'Blue Mouse Ears' ni ndogo, majani yake manene na ya mviringo, yafaayo kutiwa katika chombo kidogo mezani. Wajapani huenda mbele zaidi, kwa kuwa machipukizi yake machanga huyapika yakawa mboga.

Katika habari zote za hosta ipo moja inipendezayo kuliko nyingine. Mwaka 1936 mama mmoja wa Kimarekani, Frances Williams, alikuwa akipita katika bustani ya miche huko Bristol, katika jimbo la Connecticut, akakuta safu ya hosta za samawati zilizofanana zote. Na katikati ya safu hiyo akaona mche mmoja wenye ukingo wa manjano kuzunguka jani. Aliuchukua, akautunza, na leo mche huo, ulioenezwa kwa kugawanywa mashina, huitwa kwa jina lake katika bustani za dunia nzima. Haukuwapo ufundi mwingine katika tendo hilo ghairi ya jicho. Watu walikuwa wakipita mbele ya safu ile, lakini mmoja tu ndiye aliyesimama. Mimi naona kwamba elimu nzima ya kuchagua mmea unaoupenda imo katika kule kusimama. Na wenyeji wa nchi ya dhahabu, ambao wamezoea kuinama juu ya kialo wakitafuta punje moja ya manjano ndani ya tope la kijivu, hawahitaji kufundishwa sana maana ya kutazama.

Mtu wa Runzewe asomaye habari hizi huingiwa na shauku ya kuzipata hosta zenyewe. Namshauri aiweke shauku hiyo mahali pengine. Hosta ni mmea unaolala: majani yake hufa mwishoni mwa mwaka wa kwao, shina hubaki ardhini, na ili liamke kwa nguvu ni sharti lipitiwe na majuma kadhaa ya baridi iliyo karibu na kuganda. Kwetu, usiku wa Juni na Julai hudai blanketi, lakini maji ya mtungini hayagandi asilani. Ukitaka kuona umande ulioganda katika Tanzania, yakupasa upande milima mirefu au uende uwanda wa Kitulo kule Makete. Hosta iliyopandwa huku, ikikosa usingizi wake, hudhoofu mwaka hata mwaka mpaka ikatoweka. Sioni busara ya kuutesa mmea kwa ajili ya jina lake.

Hata hivyo, nchi hii si geni kwa ukoo wa hosta. Wataalamu wa mimea wameipanga hosta katika jamaa moja na mkonge, mmea ambao kila mtoto wa shule wa Tanzania amepata kusikia habari zake. Na katika jamaa hiyo hiyo, kwa upana wake, wamo masale ambayo Wachaga huyapanda mipakani na ambayo jani lake hupelekwa kwa mtu aliyekosewa ili kuomba radhi, na yumo pia mkonge mwitu wenye majani magumu yenye mabaka, uotao wenyewe katika vichaka vyetu vikavu. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf: vichipukizi 1,000 vilitoka Florida vikapitia Hamburg, na vilipofika Tanga vilivyokuwa hai vilikuwa 62 tu, navyo ndivyo vilivyozaa mashamba yote yaliyofuata.

Mwaka huo wa 1893 ulikuwa wa ajabu kwa wapenda mimea. Ndio mwaka ambao Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen huko Hannover, alilipa jina la kitaalamu ua dogo la zambarau lililotoka katika milima ya Usambara, lililopelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire aliyekuwa mtawala wa Kijerumani huko Tanga. Na ua hilo, ambalo kwao ni miamba yenye ukungu ya Usambara, leo hukaa katika madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani zisizo na hesabu, ilhali katika nyumba zetu ni nadra. Na ndio mwaka ambao katika maonyesho makubwa ya Chicago ziliwekwa mbele ya watu kaladiumu zilizotoka Brazili, majani mekundu, meupe na ya waridi; na miongoni mwa waliozitazama alikuwamo Henry Nehrling, ambaye baadaye alizikuza na kuzichanganya mbegu huko Gotha, Florida. Kwa hiyo Florida ileile iliyotupa mkonge ikawa ndiyo kitalu cha kaladiumu za dunia, na hata sasa mji mdogo wa Lake Placid katika jimbo hilo hutoa sehemu kubwa mno ya viazi vya kaladiumu viuzwavyo duniani.

Nimeitaja kaladiumu kwa makusudi, maana kwa rai yangu huyu ndiye mbadala wa haki wa hosta kwa mtu wa Runzewe. Ni ndugu wa magimbi, na asili yake ni misitu yenye joto ya Amerika ya Kusini; jani lake lina umbo la moyo lililoshikwa na kikonyo chembamba, nalo hupenda kivuli chepesi. Lakini kinachonivuta zaidi ni kwamba yeye naye hulala. Mvua zianzapo Oktoba au Novemba huamka. Mvua zikatikapo Mei huanza kugeuka manjano, hulala chini jani baada ya jani, na kufikia kiangazi hakuna kinachoonekana juu ya udongo. Kile ambacho theluji huifanyia hosta, ukame huifanyia kaladiumu. Kwa hiyo mtunza bustani wa huku hupata furaha ile ile aipatayo mwenzake wa Connecticut: ya kukipita kitalu kitupu kwa miezi, akijua ni nani aliyelala wapi, na ya kuinama asubuhi moja baada ya mvua ya kwanza akakuta ncha ya waridi, nyembamba kuliko kalamu, imeupasua udongo.

Mwenye subira na alitazame jani hilo kwa karibu. Hutoka limejiviringa kama mkeka, pande mbili zikikutana katikati, na kwa nje huonekana la kijani tu, hata mtu adhani ameuziwa mche wa bure. Siku ya pili au ya tatu mkunjo hulegea upande mmoja, na ndani yake huonekana mshipa mwekundu. Kisha mishipa mingine hutokea ikitawanyika kutoka katika huo mmoja. Na jani likisha kunyooka, utaona kwamba wekundu umekaa katikati ukififia kuelekea ukingoni, na kwamba ukingo wenyewe ni mstari wa kijani uliopigwa bila kukosea. Ukiliinua dhidi ya nuru ya asubuhi, damu yote ya jani huwaka. Hakuna majani mawili yaliyo sawa, hata katika shina moja.

Ama kuhusu kuchagua, watu wengi huanza kwa kuuliza ipi ni nzuri. Ni swali lisilo na mwisho, kwa sababu zote ni nzuri zikiwa mahali pake. Swali lenye faida ni hili: utaiona kutoka wapi, na saa ngapi? Jirani yangu, mama wa makamo ambaye ua wake umetenganishwa na wangu kwa minyaa, alinifundisha jambo hili bila kukusudia kunifundisha. Alisimama kwenye ua asubuhi, tukaamkiana.

"Wangaluka, mayu," nikamwambia.

"Wangaluka, mwanangu. Nipe hilo jeupe lako, nami nitakupa langu la madoa."

"Mayu, kwako jua la mchana linaingia. Hili jeupe litaungua."

"Nitaliweka nyuma ya mtungi, upande wa jikoni. Usiku nikitoka nje nataka nilione."

Alikuwa amekwisha kupima kila kitu. Kaladiumu nyeupe yenye mishipa ya kijani, ile wenye biashara yake waiitayo 'Candidum', haina shindano na zile nyekundu wakati wa mchana, lakini magharibi, nyekundu zote zinapogeuka kuwa nyeusi, yenyewe huendelea kuonekana kwa mwanga mdogo wa mbalamwezi au wa taa ya dirishani. Mtu ashindaye nyumbani mchana na achague nyekundu na ya waridi. Mtu aondokaye alfajiri kwenda kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, au dukani akarudi jioni, huyo nyeupe ndiyo yake. Na zile zenye majani membamba marefu huvumilia jua kuliko zile za moyo mpana, kwa hiyo ndizo za mbele ya nyumba, pasipo na mti.

Kuhusu udongo sitasema mengi, kwa kuwa kila mkulima wa Usukumani na Usumbwani aujua udongo wa kwao. Luseni, ule wa kichanga, hupitisha maji upesi na hutaka samadi iliyooza vema. Itogolo hushikamana na kugeuka jiwe wakati wa kiangazi, hivyo aliye na itogolo na apande katika makopo ya rangi au madumu ya mafuta yaliyokatwa, akiyatoboa chini. Lakini liko jambo moja nilisemalo kwa nguvu. Katika nchi yetu mchanga wa marudio, yaani ule uliokwisha kusagwa na kuoshwa makarashani, ni mwororo na unapatikana bure, na mtu asiyejua huweza kuuona unafaa kwa vyungu. Usiutie nyumbani mwako. Wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu kwa zebaki, na mabaki ya zebaki hukaa ndani ya mchanga huo. Ni sumu, na bustani ni mahali ambapo watoto huchezea udongo kwa mikono yao na kuitia mikono hiyo kinywani.

Na maadamu tumewataja watoto: kaladiumu, sawa na gimbi bichi, ina ndani yake sindano ndogo sana zisizoonekana kwa macho ambazo huwasha ulimi na koo kwa ukali. Gimbi likipikwa vizuri huliwa. Kaladiumu hailiwi kwa hali yoyote. Mweleze mtoto mapema, na uweke kizuizi cha mbuzi. Kuku hawaili, ila hufukua, nao ni adui mkubwa zaidi kuliko konokono. Kwa konokono jivu kavu lililomwagwa kuzunguka shina hutosha mpaka mvua ijayo, kisha humwagwa tena.

Ikifika Juni, majani yakisha kulala, kazi ya kupendeza huanza. Vichimbue viazi kwa vidole, si kwa jembe. Vipukute udongo, uvikaushe kivulini, uvifukie katika mchanga mkavu au jivu ndani ya kapu, na kapu hilo ulipandishe juu ya dari la jiko la kuni, ambako joto ni la kadiri na mchwa hawafiki kwa urahisi. Kila kiazi kina jicho moja kubwa na macho madogo kandokando. Ukilitoboa lile kubwa kwa ncha ya kisu wakati wa kupanda, yale madogo yote huamka, nawe utapata kichaka cha majani mengi ya wastani badala ya majani machache makubwa. Ukiliacha, utapata makubwa. Mimi huyaacha makubwa kwenye vyungu vya barazani na kuyatoboa yale ya ardhini. Mtu mwingine aweza kufanya kinyume chake na asiwe amekosea.

Iko mimea mingine ya majani ambayo kila ua wa Runzewe waweza kuwa nayo bila gharama. Krotoni hustahimili kiangazi na hutoa rangi hasa jua linapoipata; kivulini hurudi kijani. Magimbi yenyewe, yakipandwa mahali maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa, hutoa majani ambayo bustani yoyote ya Ulaya ingeyaonea fahari, na mwisho wa msimu familia ikala. Mkonge mwitu huchukua kona ambamo hakuna kingine kilicho tayari kuishi.

Huko Marekani kuna chama cha wapenda hosta, kilichoasisiwa mwaka 1968, na miongoni mwa shughuli za wanachama wake ni kupiga kura kuzitaja hosta wazipendazo kuliko zote. Nimeitafakari desturi hiyo na nimeiona ina uzuri wake, kwani huwapa watu waishio mbalimbali sababu ya kuzungumza. Lakini kura ni ya wengi, na ua ni wa mtu mmoja na jamaa zake. Hosta iliyoshinda kura yaweza kufa katika ua wa mpiga kura mwenyewe. Ndiyo maana nasita kumpa msomaji orodha. Mmea unaoupenda huujui siku unapouchukua kwa muuza miche wa kando ya barabara, ukiwa umenyunyiziwa maji na kupangwa mbele. Huujua baada ya msimu mmoja mzima, ukisha kuona ulivyosinyaa Februari mvua ilipokatika ghafula, ulivyorudi Machi, na kama miguu yako yenyewe ilikuwa ikikupeleka kwake kwanza kila asubuhi au ilikuwa ikiupita.

Kwa mtu atakaye kuanza Oktoba hii, hata hivyo, nitatoa ushauri wa kumtosha msimu mmoja. Atafute kwa jirani viazi vya kaladiumu vya rangi mbili, nyekundu na nyeupe, akitoa kitu chake badala yake, kwani miche inayobadilishwa juu ya ua huja na maelezo ambayo haiji nayo ile inunuliwayo. Avipande vidole viwili chini ya udongo uliochanganywa na samadi, upande wa mashariki wa mwembe ambako jua la asubuhi huingia mpaka saa tatu. Asimwage maji mengi kabla chipukizi halijatoka, maana kiazi kilicholala huoza kwa maji. Nyekundu aiweke karibu na mahali paoshewapo vyombo, kwa sababu hapo ndipo watu wa nyumba husimama muda mrefu zaidi mchana. Nyeupe aiweke njiani kuelekea jikoni. Na ikifika Desemba, akiwa na majani matano au sita ya kila moja, aanze kuyatazama kwa zamu.